GEORGE ORWELL: KIFUA KILIMUUA HUKU AKIPIGA TAIPURETA KISIWANI

Leo tumwangalie mzee mmoja ambaye wengi tunazijua kazi zake bila kumjua mwenyewe. Kama umewahi kushika kitabu cha Shamba la Wanyama, kile alichokitafsiri Fortunatus Kawegere kikatoka Nairobi mwaka 1967, basi umeshakutana naye. Na kama ulikuwa unakesha mbele ya luninga enzi za Big Brother Africa, kuanzia ile ya kwanza ya 2003 mpaka Idris wetu alipochukua ushindi 2014, ujue jina la shindano lile lilitoka kwenye kitabu chake kingine, kinaitwa 1984. Jamaa ni George Orwell. Hicho kitabu cha pili ndicho kimenifanya nikae chini niandike, maana alikimalizia kisiwani, mbali na kila kitu, akiwa kitandani anakohoa. Kutoka siku aliyomaliza mpaka siku aliyokufa ni miezi 13 tu na kitu.

Tupite haraka mwanzoni. Jina lake halisi ni Eric Arthur Blair. Alizaliwa Juni 25, 1903 huko Motihari, India, ambako baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Waingereza kwenye idara ya afyuni. Ndiyo, serikali yenyewe ilikuwa inauza afyuni, tena kwa risiti. Mama akamleta Uingereza akiwa bado mdogo. Akasoma Eton, shule ya watoto wa wakubwa, lakini yeye aliingia kwa ufadhili, kwao hela ilikuwa ya kubanabana. Alipomaliza hakwenda chuo kikuu (tupo wengi!), akaenda kuwa polisi wa kikoloni Burma kuanzia 1922 mpaka 1927. Akaichukia kazi, akaacha, akaenda kuosha vyombo hotelini Paris na kulala na watu wasio na makao London. Kitabu chake cha kwanza, kilichotokana na maisha hayo, kilitoka 1933, na hapo ndipo jina la George Orwell lilipoanza.

Sasa shika hili, ndilo litakalotupeleka kisiwani: kifua. Tangu mtoto kifua kilikuwa kinamsumbua. Ukubwani akapata nimonia. Mwaka 1937 akiwa vitani Hispania alipigwa risasi ya koo, ikapita bila kumuua, ila sauti ikaharibika. Mwaka uliofuata akaanza kutema damu, akalazwa miezi kadhaa, kisha madaktari wakataka apishe baridi ya Uingereza. Akaenda zake Marrakech, Moroko, yeye na mkewe Eileen, wakakaa huko kuanzia mwishoni mwa 1938 mpaka mapema 1939. Juu ya yote hayo alikuwa anavuta sigara mfululizo, zile kali za kusokota mwenyewe. Hakuacha.

Mwaka 1944 Orwell na Eileen wakaasili mtoto mchanga, wakamwita Richard. Machi 1945 Eileen akaingia chumba cha upasuaji, akachomwa nusukaputi, hakuamka. Mtoto hajafikisha hata mwaka. Miezi mitano baadaye, Agosti 1945, Shamba la Wanyama likatoka, kitabu ambacho wachapishaji kadhaa walikikataa kwa sababu kilimsema Stalin wakati Urusi ni mshirika wa Uingereza vitani. Kikauza balaa. Kwa mara ya kwanza jamaa ana hela na ana jina, lakini hana mke, analea mtoto, na kila gazeti linamtaka aandike. Akili ikamtuma kukimbia London.

Mwanzoni mwa 1946 alitokwa damu tena kifuani, akiwa nyumbani. Akanyamaza. Mei mwaka huohuo akahamia Jura.

JURA NI WAPI?

Ni kisiwa magharibi mwa Scotland. Leo kina watu kama 200 na kulungu maelfu. Rafiki yake David Astor, mtu wa gazeti la The Observer, familia yake ilikuwa na ardhi kule, ndiye aliyemwonyesha. Kutoka London unapanda treni, unavuka maji, unapanda basi, unavuka maji tena, ni safari ya siku mbili hivi. Na hapo bado hujafika. Nyumba yenyewe, Barnhill, ipo karibu na ncha ya kaskazini. Duka lilikuwa kijiji cha Craighouse, kama kilomita 40 kutoka hapo, na kilomita 11 za mwisho si barabara, ni njia ya matope na mawe. Umeme hakuna. Taa ni za mafuta. Jamaa alikuwa na pikipiki, lakini mara nyingi ilikuwa inaharibika njiani, basi unamkuta kakaa pembeni anahangaika nayo kwenye mvua.

Sasa watu wengi husema Jura ndiyo iliyomuua kwa baridi. Mimi naona si haki sana. London ya wakati ule ilikuwa moshi mtupu, na majira ya baridi ya 1946 kuamkia 1947, ambayo aliyatumia London, yalikuwa mabaya ajabu, makaa yaliadimika mpaka watu wakagandia ndani. Tatizo la Jura lilikuwa umbali. Ukizidiwa, hospitali ya maana iko ng'ambo ya bahari, na gari la kukufikisha bandarini lazima kwanza lipite ile njia ya mawe.

Lakini mwenyewe alifurahi. Alilima mboga, akafuga kuku, akavua samaki, akapiga risasi sungura wa kitoweo. Dada yake Avril akaja kukaa naye na kumlea Richard. Asubuhi anaandika ghorofani kwenye chumba chenye jiko la mafuta ya taa linalotoa moshi, madirisha yamefungwa, sigara mdomoni. Nikifikiria kile chumba tu mimi mwenye mapafu mazima nakohoa.

BAHARI NUSURA IMALIZE KAZI

Agosti 1947 kidogo tusipate kitabu kabisa. Kaskazini mwa Jura kuna mkondo unaitwa Corryvreckan, maji yanazunguka kama unakoroga uji, ni moja ya sehemu za namna hiyo zilizo kubwa zaidi duniani. Orwell alikuwa anarudi na boti ndogo, ndani yupo Richard wa miaka 3, na watoto wa dada yake mwingine, Henry na Lucy, ambao walikuwa vijana wakubwa. Akakosea kusoma jedwali la kupwa na kujaa. Mawimbi yaking'oa injini ikazama baharini! Henry akashika makasia, akafika kwenye mwamba, alipokuwa anaruka boti ikapinduka, Orwell na mtoto wakiwa chini yake. Akaibuka na mtoto mkononi.

Wakakaa pale kwenye kijisiwa cha mawe, wamelowa chapachapa, hawana chakula. Orwell akakausha kiberiti chake cha gesi, akawasha moto, halafu akaondoka kwenda kutazama ndege wa baharini. Akarudi kuwaeleza kuhusu viota! Mpaka wavuvi wa kamba kochi waliokuwa wanapita wakauona moto, wakawaokoa.

Wiki zilizofuata afya ikaporomoka. Rasimu ya kwanza ya 1984 aliimalizia kitandani, vuli ya mwaka huo. Desemba ikawa haiwezekani tena, akatolewa kisiwani akapelekwa hospitali ya Hairmyres, karibu na Glasgow. Majibu: kifua kikuu. Miaka yote ile ya kutema damu, hatimaye ugonjwa umetajwa kwa jina lake.

DAWA KUTOKA MAREKANI

Hapa ndipo palinifanya nisome mpaka muda wangu wa kafe ukaisha, nikalipia saa nyingine. Wakati ule tiba ya tibii ilikuwa kitanda, hewa safi na kuombea. Orwell walimbana mshipa wa fahamu unaoendesha kiwambo cha kifua ili pafu lililooza lipumzike, halafu wakawa wanampuliza hewa tumboni ili lisinyae zaidi. Hebu jaribu kuwaza.

Lakini dawa mpya ilikuwa imegunduliwa Marekani mwaka 1943, streptomaisini. Ndani ya Uingereza ilikuwa haba, iko kwenye majaribio tu. Astor akahangaika, waziri wa afya Aneurin Bevan akatoa kibali, na Orwell akalipa kwa dola za Shamba la Wanyama lililokuwa linauza Marekani. Kwa hiyo tuseme ukweli, alipata kwa sababu ana hela na ana marafiki. Yule mvuvi wa kamba kochi asingeipata.

Februari 1948 wakaanza kumchoma. Mwanzo vizuri. Halafu mwili ukaikataa: ngozi ikawa inabanduka, kinywa vidonda vitupu mpaka asubuhi midomo imegandana kwa damu, kucha zinaharibika, nywele zinatoka. Madaktari walikuwa hawajajua kipimo wala namna ya kuipoza. Baada ya siku kama 50 wakaacha. Dawa iliyobaki akaiachia hospitali. Daktari mmoja aliyekuwa kijana pale enzi hizo alisimulia baadaye kwamba wapo wake wawili wa madaktari waliotibiwa kwa hiyo akiba, wakapona.

Miaka michache tu baadaye ilijulikana kwamba dawa moja pekee haitoshi, lazima zichanganywe, na dawa nyingine nzuri, isonayazidi, ikaanza kutumika 1952. Na hii dozi ya miezi 6 ambayo leo mtu anapewa bure kwenye vituo vyetu vya serikali? Utafiti mkubwa uliothibitisha kwamba miezi 6 inatosha ulifanyika hukuhuku, kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, matokeo ya kwanza yakatangazwa 1972. Jirani yetu mtaani aliimeza yote, leo anabeba magunia ya mkaa. Orwell aliwahi miaka kama minne hivi mapema.

KURUDI KISIWANI

Julai 1948 wakamruhusu, kwa masharti ya kuishi kwa kujipumzisha. Sasa mtu wa kawaida si angepanga chumba karibu na hospitali? Akarudi Jura! Akaanza kuandika upya kitabu kizima, kuhariri juu ya kuhariri, kurasa zimejaa mistari na mishale. Ilipofika Novemba rasimu ile ilikuwa haisomeki na mtu mwingine yeyote. Inahitaji kuchapwa safi. Mchapishaji wake Fredric Warburg na wakala wake wakatafuta mchapaji wa kwenda kisiwani wiki mbili tu. Hakupatikana aliyekubali kwenda.

Ewe mdau uliyekaa hapo mbele ya kompyuta, ukikosea unafuta kwa kidole kimoja. Taipureta haina hicho kitu. Kila herufi ni nguvu ya kidole, unaweka karatasi na kaboni ili upate nakala, ukikosea unapiga iksi juu yake au unaanza ukurasa upya. Orwell aliifanya kazi hiyo mwenyewe, maneno maelfu kila siku, mara amekaa kwenye kochi, mara kitandani, ana homa, anatema damu. Mwanzoni mwa Desemba 1948 akamaliza. Ukikisoma kitabu utaona Winston, mhusika wake mkuu, anaamka asubuhi anakohoa mpaka anakosa pumzi, na baadaye akiwa kifungoni anaonyeshwa mwili wake kwenye kioo, umebaki mifupa. Yule mwandishi hakuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano.

Mimi namlaumu kidogo. Una mtoto wa miaka 4 ambaye hana mama, unarudi vipi kule? Na ukweli alikuwa anampenda sana yule mtoto, mpaka alikuwa anamkwepa, hamsogezi karibu, akihofia kumwambukiza. Mtoto wa umri ule ataelewaje kwamba baba kumkwepa ndiyo upendo wenyewe? Lakini wapo watakaosema alijua muda umeisha, akachagua kitu cha kuacha. Wadau mtasema wenyewe kwenye maoni.

Januari 1949 akatoka Jura, hakurudi tena. Akalazwa Cranham, kusini mwa Uingereza. Juni 8, 1949 kitabu kikatoka, kikapokelewa kwa kishindo London na Marekani, mwenyewe yuko kitandani. Septemba akahamishiwa University College Hospital, London. Oktoba 13 akamwoa Sonia Brownell hapohapo wodini. Wakapanga aende kwa ndege Uswisi, kwenye hewa ya milimani, na tayari fimbo yake ya kuvulia samaki ilikuwa imesimamishwa pembeni mwa chumba cha hospitali. Usiku wa kuamkia Januari 21, 1950, siku chache kabla ya safari, mshipa wa damu ukapasuka kwenye pafu. Alikuwa peke yake. Umri miaka 46.

Alizikwa kijiji cha Sutton Courtenay, Astor ndiye aliyemtafutia nafasi kwenye makaburi ya kanisa, na jiwe limeandikwa jina la Eric Arthur Blair tu, George Orwell halimo. Richard alikuwa na miaka 5. Alilelewa na shangazi Avril, ambaye mwaka 1951 aliolewa na Bill Dunn, yule mkulima mwenye mguu mmoja waliyekuwa wakiishi naye Barnhill. Alipokua Richard akawa mtu wa kilimo na mashine za shambani.