Kanali Taylor, mzee aliyetaka chupa ya wiski iseme kweli

KATIKA jimbo la Kentucky nchini Marekani, ambako wiski aina ya bourbon ni fahari ya wenyeji na pato kubwa la hazina, ni machache majina yanayoheshimiwa na wakenekaji kama la Kanali Edmund Haynes Taylor. Ukanali wake ulikuwa wa heshima tu, kwa desturi ya jimbo hilo. Vita alivyovipigana vilikuwa vya karatasi ndogo inayobandikwa kwenye chupa.

Taylor alizaliwa Februari 12, 1830 katika mji wa Columbus, Kentucky, kando ya mto Mississippi. Babake alifariki yeye angali mtoto mdogo. Alilelewa kwanza na jamaa yake Zachary Taylor, afisa wa jeshi aliyekuja kuwa Rais wa Marekani mwaka wa 1849, kisha akachukuliwa na ami yake mjini Lexington. Ami huyo alikuwa mtu wa benki, na kijana akaifuata kazi hiyo hiyo.

Benki ndiyo iliyomfikisha kwenye wiski. Waliohitaji mikopo Kentucky wengi wao walikuwa wakenekaji, naye akajifunza biashara yao kupitia vitabu vyao vya hesabu kabla hajaigusa mitungi yao. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe alizuru Ulaya kutazama viwanda vya huko, na mnamo 1870 akawa na kiwanda chake mjini Frankfort, ukingoni mwa mto Kentucky. Alikijenga upya kwa mitambo ya shaba na kukiita O.F.C. Mjini humo alikuwa pia meya kwa miaka mingi, na baadaye akaingia katika bunge la jimbo.

Ili kuelewa kilichomkera, msomaji hana budi kuijua biashara ilivyokuwa wakati huo. Wiski ya kweli huwekwa ndani ya pipa la mwaloni kwa miaka kadhaa, na ni pipa hilo linaloipa rangi na ladha. Miaka hiyo ni gharama: fedha zimelala ghalani, na kila mwaka sehemu ya kinywaji huyeyuka hewani. Wafanyabiashara wengi wa miji mikubwa hawakuwa na subira hiyo. Walinunua spiriti isiyo na rangi, wakaitia sukari iliyounguzwa, maji ya plamu zilizokaushwa, wengine hata tumbaku, wakaichanganya siku hiyo hiyo na kuandika kwenye lebo kwamba ni bourbon kuukuu ya Kentucky. Mnunuzi hakuwa na njia ya kutambua. Mkenekaji aliyesubiri miaka minne alikuta sokoni mwenzake aliyesubiri saa nne, tena akiuza kwa bei nafuu.

Taylor mwenyewe aliionja dhuluma ya jina. Mwishoni mwa miaka ya 1870 madeni yalimwelemea, na kiwanda cha O.F.C. kikaangukia mikononi mwa George T. Stagg, mfanyabiashara wa St. Louis. Walipoachana, jina la Taylor liliendelea kutumika kwenye bidhaa ambazo hazikuwa zake tena, ikabidi aende mahakamani kulidai. Mnamo 1887 alianza upya pamoja na wanawe karibu na Millville, nje ya Frankfort. Alijenga kiwanda cha mawe chenye umbo la ngome, chemchemi iliyozungushiwa nguzo na bustani ya kupumzikia wageni. Alitaka watu waje waone wiski inakotoka.

Ushindi wake mkubwa ulikuja Machi 3, 1897, siku moja kabla ya Rais Grover Cleveland kuondoka madarakani, pale sheria aliyoipigania pamoja na Waziri wa Fedha John G. Carlisle, naye mzaliwa wa Kentucky, ilipotiwa sahihi. Sheria hiyo iliweka masharti mepesi kueleweka. Wiski iwe imekenekwa katika kiwanda kimoja, katika msimu mmoja. Ikae si chini ya miaka minne katika ghala linalolindwa na afisa wa serikali. Itiwe chupani ikiwa na nguvu ya asilimia 50, bila kuongezwa chochote isipokuwa maji safi. Juu ya kizibo ilibandikwa stempu ya serikali ikionyesha ilipokenekwa, ilikenekwa lini na ilitiwa chupani lini. Wengi huihesabu kuwa miongoni mwa sheria za kwanza za kumlinda mlaji nchini Marekani.

Hata hivyo, si haki kumchora Taylor kama mtakatifu. Sheria hiyo ilimfaidi yeye na wenziwe wenye maghala makubwa, kwa kuwa ni wao walioweza kungoja. Miongoni mwa wachanganyaji walikuwamo pia watu waaminifu, ambao mchanganyiko wao haukumdhuru mtu, nao walilalamika kwamba serikali imegeuzwa mpiga debe wa wapinzani wao. Malalamiko yao yalikuwa na uzito. Lakini tukiweka kando faida ya Taylor, swali la mnunuzi lilibaki pale pale: ndani ya chupa hii mna nini?

Mzee hakuchoka. Mnamo 1905 Mahakama ya Rufaa ya Kentucky ilimpa ushindi dhidi ya mchanganyaji wa Louisville ambaye, kwa bahati, naye alizaliwa akiitwa Taylor. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya vyakula na dawa safi, na ubishi ukazuka upya: je, kinachochanganywa na spiriti kistahili kuitwa wiski? Desemba 1909 Rais William Howard Taft aliamua kwamba jina hilo linaweza kutumika kwa vyote viwili, mradi lebo itofautishe wiski halisi na ya kuchanganywa. Taylor na wenzake walitaka zaidi ya hapo. Walipata nusu ya mkate.

Marufuku ya pombe ya mwaka 1920 ilikatiza kazi ya maisha yake. Alijihusisha pia na ufugaji wa ng'ombe aina ya Hereford, na akafariki Januari 19, 1923, akiwa na umri wa miaka 92, wakati wiski yake ilikuwa haramu kote nchini.

Sheria ya 1897 imefanyiwa marekebisho, lakini masharti yake makuu yangali yanatumika. Yamepata maisha mapya kutokana na viwanda vidogo vilivyochipuka Marekani katika karne hii. Baadhi yao hununua wiski iliyokenekwa na kiwanda kikubwa cha jimbo jingine na kuiuza kwa jina la kijiji chao, ingawa kanuni za shirikisho huwataka watamke jimbo ilikokenekwa. Wanaokeneka wenyewe wamegundua kuwa njia fupi ya kuthibitisha hilo ni kuyatimiza masharti ya Kanali. Ngome yake ya Millville, iliyokuwa imegeuka gofu, ilikarabatiwa ikafunguliwa kwa wageni mwaka wa 2018, na humo wiski inakenekwa tena.