Dhyan Chand

Dhyan Chand (29 Agosti 1905 – 3 Desemba 1979) alikuwa askari na mchezaji wa mpira wa magongo kutoka Uhindi. Alishinda medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki mara tatu mfululizo: Amsterdam 1928, Los Angeles 1932 na Berlin 1936.

Alizaliwa Allahabad kwa jina la Dhyan Singh. Baba yake alikuwa askari, naye akajiunga na jeshi la kikoloni mwaka 1922. Inasimuliwa kwamba alifanya mazoezi usiku baada ya kazi, kwa mwanga wa mbalamwezi, ndiyo maana wenzake wakamwita Chand, yaani mwezi.

Huko Amsterdam alifunga mabao 14 kati ya 29 ya Uhindi, na timu yake haikufungwa hata moja. Miaka minne baadaye Uhindi iliifunga Marekani 24–1; mdogo wake, Roop Singh, alifunga 10, yeye 8.

Berlin haikuwa rahisi hivyo. Akiwa nahodha, alishuhudia timu yake ikifungwa na Ujerumani 4–1 katika mechi ya majaribio. Ali Dara aliitwa haraka kutoka Uhindi, akafika kabla ya nusu fainali. Fainali iliahirishwa kwa sababu ya mvua hadi tarehe 15 Agosti 1936. Kabla ya kuingia uwanjani, wachezaji hao wa koloni la Uingereza waliisalimu kwa siri bendera ya chama cha Congress. Hadi mapumziko walikuwa wakiongoza kwa bao moja tu. Kipindi cha pili Dhyan Chand alivua viatu vya njumu ili akimbie vizuri zaidi, na mechi ikaisha 8–1. Habari kwamba Hitler alimwahidi cheo jeshini inasimuliwa sana, ila ushahidi wake ni haba.

Mwishoni mwa mwaka 1947, akiwa na miaka 42, alizuru Afrika ya Mashariki, kwa kuwa wenyeji walitaka timu ya Uhindi ije pamoja naye.

Alistaafu jeshini mwaka 1956 akiwa meja, akatunukiwa nishani ya Padma Bhushan. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya shida ya fedha, akafariki hospitalini Delhi kwa saratani ya ini. Mwanawe, Ashok Kumar, alifunga bao la ushindi dhidi ya Pakistan katika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1975. Siku ya kuzaliwa kwake ni Siku ya Kitaifa ya Michezo nchini Uhindi.