Peter Medawar: aliyeonyesha kama mwili hausahau

Mtu akipewa figo ya mwengine, kuogopa hakuishi kwenye upasuaji. Mwili wake unaweza kuikataa. Aliyetufungua macho juu ya jambo hilo ni Peter Medawar, na hakuwa hata munganga: alisomea elimu ya wanyama kule Oxford, Uingereza.

Alizaliwa mwaka 1915 huko Brazili, baba Mlebanoni, mama Mwingereza. Mwaka 1940, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, ndeke ya vita ilianguka karibu na nyumba yake pale Oxford. Askari mmoja aliungua vibaya sana. Waganga wakamuomba Medawar awasaidie kufikiri, maana ngozi ya mtu mwengine ilikuwa haidumu juu ya mgonjwa.

Basi akaenda Glasgow kufanya kazi na daktari Thomas Gibson. Mama mmoja aliyeungua walimubandika vipande vya ngozi ya kaka yake. Vilishika, kisha vikaharibika. Wakabandika vingine vya kaka yule yule. Hivyo vikaharibika haraka zaidi. Hapo njo walielewa: waganga hawakukosea kazi, ila mwili ulikuwa umekwisha kumujua mgeni, ukamungojea. Walitangaza hayo mwaka 1943.

Mwaka 1953, pamoja na Rupert Billingham na Leslie Brent, alionyesha kama panya aliyechomwa chembe za panya mwengine mbele ya kuzaliwa anaweza kupokea ngozi yake akikomaa. Mwaka 1960 alipata Tuzo ya Nobel, yeye na Frank Macfarlane Burnet wa Australia. Mwaka 1969 alipigwa na kiharusi, lakini aliendelea kuandika vitabu mpaka kufa kwake mwaka 1987.

Leo tunajua kama mwili unajifunza pia kwa kuongezewa damu na kwa mimba. Unabakia na kingamwili, wale askari wa damu, tayari kushambulia. Kwa hiyo mbele ya kupandikiza figo, laboratwari inachanganya maji ya damu ya mgonjwa na chembe za mwenye kutoa. Askari wakishambulia, wanatafuta mutoaji mwengine, ao wanapunguza kwanza kingamwili kwa dawa.

Kwa hiyo, mama, munganga akikuuliza umebeba mimba ngapi na umewekewa damu mara ngapi, usifiche hata moja. Jibu lako linaweza kuokoa figo.