Probus: Kaizari aliyeponzwa na jembe

WATALII wanaozuru milima ya Fruška Gora, kaskazini mwa Serbia, hupitishwa katika mashamba ya mizabibu, wakaonjeshwa divai, kisha wakasimuliwa habari za Marcus Aurelius Probus, Kaizari wa Roma. Simulizi za huko humtaja kuwa ndiye aliyeamuru mizabibu ipandwe milimani humo, zaidi ya miaka 1,700 iliyopita.

Probus alizaliwa mwaka wa 232 mjini Sirmium, kando ya mto Sava, ulipo leo mji wa Sremska Mitrovica. Aliingia jeshini akiwa kijana, akapanda vyeo hadi akakabidhiwa majeshi ya mashariki. Kaizari Tacitus alipofariki mwaka wa 276, askari hao walimtawaza Probus. Mpinzani wake, Florianus, aliuawa na watu wake mwenyewe miezi michache baadaye.

Enzi hizo kiti hicho kilikuwa kaa la moto. Tangu mwaka wa 235, watawala wengi walikuwa wameangamia mikononi mwa askari waliowatukuza.

Probus alirithi dola iliyoraruka. Wafranki na Waalamani walikuwa wamevuka mto Rhine na kupora miji ya Gaul, ambayo leo ni Ufaransa. Aliwafurusha, akaimarisha mpaka wa mto Danube, akazima maasi ya majenerali waliotamani taji. Mwaka wa 281 alisherehekea ushindi wake jijini Roma.

Vita vilipotulia, lilizuka swali la jeshi kubwa lisilo na adui wa kupigana naye. Probus alishikilia kuwa askari hapaswi kula jasho la raia huku amekaa bure. Akawapa majembe. Walipanda mizabibu katika mlima Alma, unaoaminika kuwa ndio Fruška Gora, na mlima Aureus katika mkoa wa Moesia. Mashamba yalipokuwa tayari, wenyeji walikabidhiwa wayatunze.

Hatua hiyo ilikuwa na uzito wake. Mnamo mwaka wa 92, Kaizari Domitian alikuwa ameamuru nusu ya mizabibu ya mikoani ing'olewe, kwa kuwa divai ilikuwa tele ilhali nafaka ilikuwa haba. Ingawa amri hiyo haikutekelezwa kikamilifu, ni Probus anayesifiwa kwa kuwapa watu wa Gaul, Uhispania na hata Uingereza uhuru wa kupanda. Hakuwa mwanzilishi wa kilimo hicho Ufaransa, kwani Wagiriki walikuwa wamekifikisha Marseille karne nyingi kabla yake.

Mwaka wa 282, akijiandaa kwa vita dhidi ya Waajemi, aliwaamuru askari wakaushe kinamasi karibu na Sirmium ili mji wake upate ardhi ya kulima. Tayari walikuwa wakinung'unika, kwani ilivuma kuwa Kaizari alitarajia siku ambapo askari hawangehitajika tena. Huku jenerali Carus akitangazwa mtawala kwingineko, walitupa majembe na kumgeukia. Inasimuliwa kwamba alikimbilia mnara uliokingwa kwa chuma, lakini hakunusurika.

Aliuawa katika mji uleule aliozaliwa. Magofu ya kasri la makaizari yangali yanaonekana Sremska Mitrovica, na kaskazini yake, katika miteremko ya Fruška Gora, wakulima wangali wanavuna zabibu kila mwaka.