Gavana Aliyeitwa Kwao
Wenzangu, hapa kwetu Rubongi mpaka u karibu, nami nimependa kuwaeleza habari za Sir Edward Northey, jenerali aliyekuwa Gavana ng'ambo, Kenya, tangu 1919. Mwaka 1920 rupia ilipandishwa thamani ikawa shilingi 2. Kodi ya nyumba nayo ikafika shilingi 16. Mara bei za mazao zikaanguka duniani. Mwaka 1921 masetla wakapunguza mishahara kwa theluthi. Machi 1922 watu waliolalamika wakapigwa risasi Nairobi. Mwaka huo huo Northey akaitwa kwao, akaja Coryndon aliyekuwa Gavana wetu Uganda. Northey alifariki 1953. Bei hakuziangusha yeye. Lakini kodi ilipanda mikononi mwake. Yeye alipoteza cheo, vibarua walipoteza posho. Basi, tutakapopewa madaraka, tutazame mbele.