Anayechukua Miguu, Achukue na Kichwa

Kila mashindano ya soka ya shule za upili yanapokaribia, sisi tunaofundisha upande wa bara wa mji wa Mombasa huanza kuhesabu madawati. Moja hubaki tupu Likoni, jingine Changamwe, jingine Kisauni. Mwenye dawati hakuugua wala hakufukuzwa. Amechukuliwa na shule yenye jina kubwa katika mchezo, akaahidiwa karo, malazi na jozi ya viatu. Wazazi hufurahi, nasi walimu hupongezana. Furaha hiyo siipingi. Ninalouliza leo ni hili: kijana anayechukuliwa kwa ajili ya miguu yake, kichwa chake huachiwa nani?

Swali hili halikuzaliwa kwetu. Ili tulipime vyema, nawaomba walimu na wanafunzi wanifuate kwa muda katika maisha ya mtu aliyefariki zaidi ya nusu karne iliyopita, Mmarekani mweusi aliyeitwa Jack Roosevelt Robinson, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Jackie. Wengi wakilisikia jina hilo hukumbuka mchezo wa besiboli. Mimi namkumbuka zaidi kwa mambo mawili: chuo kidogo alikoanzia, na mkono aliowanyoshea vijana wa Kenya.

Robinson alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 katika mji wa Cairo, jimbo la Georgia, akiwa kitindamimba wa watoto watano. Babake aliitoroka familia, na mwaka 1920 mamake, Mallie, akawachukua wanawe hadi Pasadena, California, ambako aliwalea kwa kazi za nyumbani katika majumba ya watu. Kakake, Mack, alishinda medali ya fedha katika mbio za mita 200 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, nyuma ya Jesse Owens. Aliporejea, medali ile haikumfungulia mlango wowote; mji uliomshangilia ulimpa ufagio akafagia barabara zake. Jackie, aliyekuwa na umri wa miaka 17, aliyaona hayo kwa macho yake.

Alipohitimu shule ya upili mwaka 1937, hakwenda chuo kikuu. Alijiunga na Pasadena Junior College, chuo cha miaka miwili kilichokuwa karibu na kwao. Vyuo vya aina hiyo vipo kwa wingi Marekani. Ada yake ni nafuu, na mwanafunzi anayefaulu huweza kuhamia chuo kikuu akamalizie miaka miwili iliyosalia, masomo aliyokwisha kufuzu yakihesabiwa. Mtoto wa mama anayefua nguo za wenzake hupata hapo ngazi ya kwanza ambayo asingeipata penginepo.

Hapo ndipo nyota yake ilipong'aa. Soka ya Kimarekani, ile inayochezwa kwa mpira wenye umbo la yai unaobebwa mikononi, ilimpata kiongozi wa mashambulizi asiyekamatika. Mwaka 1938 timu ya chuo hicho kidogo ilimaliza msimu bila kushindwa. Mwaka huo huo aliivunja rekodi ya chuo ya kuruka umbali, iliyokuwa ya kakake Mack. Punde vyuo vikuu vikaanza kumwania.

Yafaa tuelewe kwa nini makocha wa vyuo vikuu hupenda kuvuna katika vyuo vidogo. Kijana atokaye shule ya upili ni mbegu. Huenda ikaota, huenda isiote. Aliyecheza miaka miwili chuoni ni mche uliokwisha kusimama: mwili umekomaa, makosa ya utoto yamepungua, na kocha ameshamwona akicheza na wanaume wenzake. Lakini mche huo una muda mfupi. Enzi za Robinson mchezaji aliyehamia alisaliwa na misimu miwili tu, na misimu hiyo ilipoisha, haja ya chuo kwake iliisha pia. Kocha hupata kombe mapema. Kijana naye hupata nini?

Robinson alichagua Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Sababu mojawapo ilikuwa kubaki karibu na nduguye Frank, shabiki wake mkuu, ambaye kwa huzuni alifariki katika ajali ya pikipiki mwaka huo wa 1939. Katika timu ya soka alijiunga na Kenny Washington na Woody Strode, pamoja na Ray Bartlett aliyetoka naye Pasadena. Wachezaji weusi wanne katika timu moja lilikuwa jambo la ajabu wakati ambapo vyuo vingi havikuwa na hata mmoja. Msimu wa 1939 hawakushindwa, wakaumaliza kwa sare tasa dhidi ya majirani zao wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Mwaka 1940 Robinson akawa bingwa wa vyuo vya Marekani katika kuruka umbali, na akawa wa kwanza katika chuo chake kutunukiwa heshima katika michezo minne: soka, mpira wa vikapu, riadha na besiboli.

Basi ajabu ni hii. Mwaka 1941, miezi michache kabla ya kupata shahada, aliondoka. Mamake alimsihi abaki. Rachel Isum, mwanafunzi mwenzake ambaye baadaye alikuwa mkewe, alimsihi vilevile. Hakusikia. Aliamini kwamba shahada mkononi mwa mtu mweusi haingempa kazi, na mfano wa Mack na ufagio wake haukuwa mbali. Alitaka pia kumpunguzia mamake mzigo. Akaenda Honolulu kucheza soka ya malipo madogo. Chuo kilikuwa kimekwisha kuipata misimu yake miwili.

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapitia upesi. Aliingia jeshini mwaka 1942, akapata cheo cha luteni. Mwaka 1944, huko Texas, alikataa kuhamia nyuma ya basi, akashtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kuachiliwa huru. Tarehe 15 Aprili 1947 alivaa jezi ya Brooklyn Dodgers, akawa mtu mweusi wa kwanza katika karne hiyo kucheza katika ligi kuu za besiboli. Alitukanwa, akatishwa, akavumilia, akashinda. Mwaka 1949 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake, na mwaka 1955 timu yake ikatwaa ubingwa.

Sasa tugeuze macho nyumbani. Mwaka huo huo wa 1955, mwezi Machi, makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Aliyekuja kuwapatanisha na waajiri alikuwa kijana Tom Mboya, aliyekuwa ameiacha shule ya Mangu kwa kukosa karo akasomea ukaguzi wa afya. Mwaka 1959 Mboya alizunguka Marekani akiviomba vyuo viwapokee vijana wa Kenya. Nafasi zikapatikana, nauli haikuwapo, na serikali ya kikoloni haikuupenda mpango huo. Ndipo Robinson, aliyekwisha kustaafu mchezo, alipoungana na Harry Belafonte na Sidney Poitier kutia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Septemba 1959 ndege ikapaa na wanafunzi 81. Mwaka 1960 wakfu wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na kufikia mwaka 1963 karibu vijana 800 walikuwa wamevuka bahari.

Katika kundi la 1960 alikuwamo Wangari Maathai. Yeye pia alianzia chuo kidogo, huko Kansas, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa shahada ya pili. Hakuna aliyemchukua ili akimbie au apige mpira. Alichukuliwa asome, akasoma hadi mwisho, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Naona kwamba Robinson, ambaye hakuimaliza shahada yake, alielewa kuliko wengi thamani ya kumlipia mwingine amalize.

Narudi kwa madawati yetu. Namjua kijana wa Mtongwe, mwanafunzi wangu, aliyechukuliwa kidato cha pili na shule moja ya mbali. Alicheza msimu mmoja na nusu. Goti lilipochanika, ahadi ya karo ikachanika nalo. Alirudi kwa feri na sanduku lake, bila ripoti ya masomo hata ya muhula mmoja, nasi hatukujua tumweke darasa gani. Aliyemchukua hakuvunja ahadi yoyote iliyoandikwa, kwa sababu hapakuwa na iliyoandikwa.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, mwalimu mkuu asimtoe mchezaji pasipo mapatano ya maandishi kwamba karo italipwa hadi mtihani wa mwisho, aumie asiumie. Pili, shule iliyomlea iletewe matokeo yake kila muhula, kama vile inavyoletewa habari za mabao yake. Tatu, nanyi wanafunzi mnapofuatwa, ulizeni habari za maktaba na maabara kabla ya kuuliza habari za uwanja. Wala msikidharau chuo kidogo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilichopo Tudor kilianza kama taasisi ya ufundi kabla ya uhuru, kikawa Politekniki, na mwaka 2013 kikapata hadhi kamili ya chuo kikuu.

Jackie Robinson alifariki tarehe 24 Oktoba 1972, akiwa na miaka 53, mwili wake ukiwa umedhoofishwa na kisukari na macho yake karibu yamepofuka. Mwaka uliofuata mjane wake Rachel, yule aliyemsihi asiache masomo, alianzisha wakfu kwa jina lake. Kazi yake hadi leo ni kuwalipia vijana ada ya chuo kikuu, na kuwa nao bega kwa bega mpaka wahitimu.