Annalena Tonelli: Mwanasheria aliyewatibu wafugaji wa Wajir

MWAKA 1976, Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujaribu njia ya kutibu kifua kikuu miongoni mwa wafugaji wa kuhamahama, kazi hiyo alikabidhiwa mtu ambaye hakuwa daktari. Annalena Tonelli, raia wa Italia aliyekuwa akiishi Wajir, alikuwa na shahada ya sheria. Hata hivyo, alikuwa amekwisha kukaa miaka sita na watu wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya, na alilijua jambo moja ambalo lingeamua matokeo ya kazi yote: dawa ya muda mrefu haifui dafu isipopatana na maisha ya anayeimeza.

Tonelli alizaliwa katika mji wa Forlì, Italia, Aprili 2, 1943. Tangu ujana wake alijitolea kuwahudumia maskini wa mji huo. Alifika Kenya mwaka 1969 akiwa mwalimu, na baada ya muda mfupi katika eneo la Kati, mwaka 1970 akahamia Wajir. Hakuwa mtawa wala mtumishi wa shirika lolote. Aliishi bila mshahara na bila mali. Huko Wajir, pamoja na kufundisha, aliwatunza watoto waliolemazwa na polio, vipofu na viziwi.

Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambao siku hizo ulitawaliwa kutoka Garissa na ambao leo ni kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ulikuwa chini ya sheria za hali ya hatari kuanzia mwaka wa uhuru, 1963, hadi mwaka 1991. Barabara zilikuwa chache na hospitali zilikuwa mbalimbali. Mwanamke mzungu, Mkristo, asiye na mume wala mtoto, alikuwa kitendawili kwa jamii ya Kiislamu ya wafugaji. Imani ya watu hao hakuipata kwa siku moja. Alijifunza Kisomali, akaheshimu dini yao, na akabaki pale wakati wageni wengine walipokuja na kuondoka.

Kifua kikuu kilikuwa janga na aibu pia. Aliyekohoa damu alijificha, kwa kuwa wengi waliyachukulia maradhi hayo kuwa laana. Hata aliyejitokeza hospitalini alikabiliwa na safari ndefu: matibabu ya zamani yaliendelea kwa mwaka mmoja au zaidi, pamoja na sindano nyingi za streptomisini. Mfugaji aliyelazwa aliziacha nyuma familia yake na ngamia wake. Baada ya wiki kadhaa kikohozi kilitulia, nguvu zikarejea, na habari za mvua iliyonyesha mbali zikamfikia. Alifunga safari. Vijidudu vilivyosalia kifuani viliamka tena, mara nyingine vikiwa vimekwisha kuizoea dawa.

Utafiti uliofanywa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1970, kwa ushirikiano na watafiti wa Uingereza, ulionyesha kwamba mchanganyiko wa dawa wenye rifampisini ungeweza kuponya kwa miezi sita. Swali lililobaki lilikuwa ni nani angemshawishi mfugaji atulie mahali pamoja kwa miezi hiyo sita.

Jibu la Tonelli lilikuwa manyata. Badala ya kumlaza mgonjwa wodini, alimkaribisha aje na jamaa zake, washushe mizigo kutoka mgongoni mwa ngamia na kujenga vibanda vyao vya miti na mikeka kama walivyozoea. Mgonjwa aliendelea kuwa baba, mama au mtoto wa watu. Kila siku alimeza dawa mbele ya mhudumu, naye mhudumu hakuondoka kabla ya kuhakikisha imemezwa. Hadi leo wenyeji wa Wajir hupaita mahali hapo TB Manyatta.

Tonelli hakuwa peke yake katika fikra hiyo. Dawa za kumezwa mbele ya mhudumu zilikuwa zimejaribiwa India na Hong Kong, na nchini Tanzania Dkt Karel Styblo alisaidia kujenga mpango wa taifa wa kifua kikuu kuanzia miaka ya 1970. Katikati ya miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani liliufanya usimamizi huo kuwa sehemu ya mkakati wake kwa ulimwengu mzima. Mchango wa Tonelli ulikuwa kuonyesha kwamba hata jamii isiyokaa mahali pamoja inaweza kumaliza dozi.

Kazi hiyo ilikatizwa na damu. Februari 1984, wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, na kuwaua wengi. Serikali ilitaja watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilikadiria idadi kuwa karibu 1,000. Tonelli aliwatafuta majeruhi na kuwatibu, akasaidia kuzika maiti, na akahakikisha habari zinaufikia ulimwengu wa nje. Mwaka 1985 aliondolewa nchini Kenya.

Alivuka mpaka akaendelea Somalia, hata serikali ya nchi hiyo iliposambaratika mwaka 1991. Mjini Merca, daktari Graziella Fumagalli, aliyeshika nafasi yake, aliuawa mwaka 1995. Mwaka uliofuata Tonelli alianza upya Borama, ambako alijenga hospitali ya kifua kikuu, akaanzisha shule ya watoto viziwi na kupiga vita ukeketaji. Juni 2003, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi lilimtunuku Tuzo ya Nansen. Oktoba 5 mwaka huo, alipigwa risasi na kufa ndani ya uwanja wa hospitali yake. Alikuwa na umri wa miaka 60.

Funzo la maisha yake halihusu kifua kikuu pekee. Mwenye pumu kali, lupasi au baridi yabisi ambaye ameandikiwa vidonge vya steroidi kwa miezi au miaka, naye hujikuta akiishi na dawa. Akiiacha ghafla kwa kuwa amepata nafuu, huenda akazidiwa, maana tezi zilizo juu ya figo zimekwisha kuzoea kufanyiwa kazi yao na vidonge. Tena dawa hiyo hupunguza kinga ya mwili, na kifua kikuu kilichojificha huweza kuamka. Ndiyo maana daktari hapaswi kufichwa habari za kikohozi cha zamani.

Kwa wagonjwa wa namna hiyo, agizo la daktari ni mwanzo tu. Kidonge cha leo kinahitaji mtu wa kukikumbusha, chakula cha kukisindikiza, na njia ya kupata kingine kabla hakijaisha. Aliyehamia na mifugo kilomita 100 kutoka zahanati hawezi kulaumiwa kwa uzembe kabla ya kuulizwa dawa itamfikiaje. Swali hilo ndilo Annalena Tonelli aliloanzia Wajir, na kila anayeandika dawa ya muda mrefu huko Garissa, Mandera au kwingineko bado anapaswa kulijibu.